Loki ya baipodi: kwa nini mpiga shabaha mmoja huifunga na mwingine huiacha wazi

Mimi ni mpima ardhi. Diploma yangu ni ya upimaji, na kwa miaka ishirini na kitu sasa riziki yangu imetoka kwenye stendi ya miguu mitatu, darubini, timazi na kipovu cha pimamaji. Bunduki si fani yangu. Sijamiliki hata moja, na kama wengi wenu wasomaji wa ukurasa huu, nimezoea kuiona begani mwa askari. Basi huenda mkashangaa kuona leo naandika juu ya kipande kidogo cha chuma kinachofungwa chini ya bunduki. Sababu yake ni hii.

Mwaka 2019 nilikwenda kumtembelea mdogo wangu anayeishi jimbo la Kentucky, Marekani. Huko kuwinda ni jambo la kawaida. Mtu hukata leseni, husubiri msimu ufunguliwe, huingia msituni na akijaliwa hurudi na kitoweo. Mdogo wangu alijifunza kwa jirani zake, na nyama aliyoiwinda mwenyewe kwa kutaja jina la Mwenyezi Mungu humtuliza moyo kuliko ya dukani. Lakini usiku wa pili baada ya mimi kufika, tulipomaliza kula, alinisimulia jambo lililokuwa likimkera tangu msimu uliopita. Alikuwa amelala kifudifudi kwenye mteremko, na swala dume wa kule, wale wenye mkia mweupe, amesimama mbele yake kiasi cha yadi 180. Akafyatua. Mnyama akaruka, akakimbia akichechemea, akapotelea kichakani. Walifuata matone ya damu hadi giza likaingia, wasimpate.

"Kaka," akaniambia, "mnyama yule kaenda kufa kwa mateso na nyama imepotea bure. Nilikosea mahali na sijui ni wapi. Bunduki ni sawa, darubini ni sawa. Nadhani ni hii miguu." Akaileta mezani ile miguu akaiweka mbele yangu. "Wewe ni mtu wa pimamaji. Hebu itazame."

Nikaitazama usiku ule na siku kadhaa zilizofuata. Nikauliza watu, nikasoma, nikapiga hesabu. Haya ndiyo niliyojifunza.

Baipodi ni nini

Baipodi ni miguu miwili inayoshikilia sehemu ya mbele ya bunduki ili mpigaji asiibebe kwa mkono. Si kitu kipya. Wazee wetu waliokuwa King's African Rifles wakati wa Vita vya Pili vya Dunia waliijua vizuri, kwani bunduki ya rashasha ya Bren waliyoibeba ilikuwa na miguu miwili ya kukunja karibu na mdomo wa mtutu. Siku hizi baipodi huuzwa peke yake kama kifaa, na mtu huifunga kwenye bunduki ya kuwindia au ya mashindano.

Mnajua kwamba chungu hakiyumbi juu ya mafiga matatu. Meza ya miguu minne itacheza kwenye sakafu mbovu, lakini mafiga matatu hukaa imara hata juu ya mawe. Bunduki yenye baipodi nayo ina mafiga matatu: miguu miwili mbele, na bega la mpigaji au kifuko cha mchanga chini ya kitako nyuma. Kwa hiyo itatulia karibu popote utakapoiweka.

Lakini kutulia ni jambo moja na kukaa sawa ni jambo jingine. Sisi wapima ardhi tunalijua hili kuliko watu wengi. Stendi inaweza kusimama imara kabisa huku imeinama upande, na kila kipimo utakachosoma juu yake kikawa na makosa. Bunduki ni vivyo hivyo. Mguu mmoja ukiwa juu ya jiwe la sentimita 3 na miguu imeachana sentimita 28, bunduki nzima italala upande kwa digrii 6 hivi. Mguu haujateleza, bunduki haitikisiki, na bado imekaa upogo.

Upogo unaharibu nini

Risasi haiendi moja kwa moja kama mwali wa tochi. Mara tu inapotoka mtutuni huanza kushuka, na kadiri inavyokwenda mbali ndivyo inavyoshuka zaidi. Ndiyo maana darubini hufungwa na kurekebishwa kwa namna ambayo, macho yakilenga shabaha, mtutu huwa umeinuliwa kidogo kuelekea juu. Mwinuko huo ndio unaofidia kushuka kwa risasi.

Sasa ilaze bunduki upande wa kulia. Ule mwinuko uliokuwa unaelekea juu tu unageuka sehemu yake ukaelekea kulia. Risasi itakwenda kulia na chini kidogo ya pale ulipolenga. Ukiilaza kushoto, itakwenda kushoto na chini. Hesabu yake ni nyepesi kwa aliyesoma pembetatu: chukua kiasi ambacho risasi imeshuka kutoka mstari wa mtutu, zidisha kwa saini ya pembe ya upogo.

Tuchukue risasi ya .308 Winchester, ambayo ni maarufu sana kwa wapiga shabaha. Ikifika yadi 1,000, ambazo ni mita 914, huwa imeshuka zaidi ya mita 10 kutoka mstari wa mtutu. Kwa urahisi wa hesabu tuseme mita 10 kamili. Upogo wa digrii 1 utaipeleka kando sentimita 17. Digrii 3, sentimita 52. Digrii 5, sentimita 87. Hiyo ni karibu mita nzima, na yote ni kwa sababu mguu mmoja ulikuwa juu ya kijiwe.

Nilipofikia hapo nilidhani nimelipata jibu la mdogo wangu. Nikarudia hesabu kwa umbali wake, yadi 180. Kwa umbali huo risasi ya namna hiyo imeshuka kama sentimita 20 tu kutoka mstari wa mtutu. Upogo wa digrii 5 ungeipeleka kando kwa chini ya sentimita 2. Hilo halimwokoi swala wala halimjeruhi vibaya. Jibu lilikuwa mahali pengine, na lilihusu loki yenyewe.

Baipodi zinavyoruhusu bunduki kulala

Kuna baipodi zisizolala kabisa. Sehemu ya juu inayofungwa kwenye bunduki imeshikana moja kwa moja na miguu. Ukitaka kuisawazisha bunduki itabidi urefushe au ufupishe mguu mmoja. Hapa kuna taabu: miguu mingi hurefuka kwa vipengo, hatua kwa hatua. Kama hatua moja ni sentimita 2.5 na miguu imeachana sentimita 28, kila hatua inageuza bunduki digrii 5 hivi. Huwezi kupata digrii 2 au 3 hapo. Utajikuta uko kulia kidogo au kushoto kidogo, sawasawa huipati.

Ndipo zikaja zile zinazolala. Kati ya sehemu ya juu na miguu kuna pini au mhimili unaokwenda sambamba na mtutu, na bunduki hugeuka juu ya mhimili huo kama mlango juu ya bawaba. Miguu inakaa jinsi ardhi ilivyo, bunduki inasimama wima. Swali linabaki moja tu: ni nini kitaizuia isiendelee kugeuka? Hapo ndipo loki inapoingia, na ziko za namna kadhaa.

Ya kwanza ni nati ya msuguano. Baipodi za Harris, zinazotengenezwa mji mdogo wa Barlow huko huko Kentucky, ni mfano unaojulikana sana; hata bunduki ya wadunguaji ya jeshi la Marekani iitwayo M24 ilibebwa na baipodi ya Harris. Zile za mfululizo wa S ndizo zinazolala. Kuna nati ya duara yenye mikwaruzo ya kushikia vidole. Ukiikaza, inabana pande mbili za bawaba pamoja. Ukiilegeza, bunduki inagugeuka kwa urahisi. Katikati yake, bunduki hukaa pale ulipoisukuma lakini bado inakubali kusukumwa.

Ya pili ni wenzo. Ni ile ile nati, ila badala ya duara ndogo ina mkono mfupi wa chuma. Faida yake ni ya spana: nati ya duara ina kipenyo kidogo, vidole vinashika milimita 8 tu kutoka katikati, mkono wa sentimita 4 unakupa nguvu mara tano kwa juhudi ile ile. Kuna wenzo uitwao Pod-Loc ambao watu hununua na kuuweka kwenye Harris mahali pa nati ya duara. Hasara yake ni kwamba mkono huo unatokeza. Usipowekwa upande unaofaa utagonga miguu ikikunjwa au utanasa majani.

Ya tatu ni kitasa kimoja kinachobana mambo mawili. Baipodi ya Atlas BT10 ya kampuni ya B&T Industries, jimbo la Kansas, inaruhusu bunduki kulala digrii 15 kila upande na pia kugeuka kushoto na kulia digrii 15 kila upande. Kitasa kimoja chini yake ndicho kinachoongeza au kupunguza ugumu wa miendo yote miwili. Wapo wanaoipenda kwa kuwa mkono unashughulika na kitu kimoja. Wapo wanaolalamika kwamba hawawezi kufunga mwendo mmoja bila kuugusa wa pili. Kampuni hiyo hiyo ina nyingine iitwayo CAL, ambayo imeacha mwendo wa kushoto na kulia, ikabaki na kulala pamoja na wenzo wa kufungia.

Ya nne ni ile inayotenganisha. Baipodi ya Magpul, kwa mfano, inalala jumla ya digrii 50 na kugeuka kushoto na kulia jumla ya digrii 40, na kitasa chake kinaweza kuufunga ule mwendo wa kushoto na kulia huku bunduki ikiendelea kulala upande. Aliyeitengeneza aliona kwamba watu hawahitaji miendo yote miwili kwa wakati mmoja.

Jambo moja zaidi linaamua ni loki gani itakufaa, nalo ni mahali mhimili ulipo. Bawaba ikiwa chini ya bunduki, uzito wote uko juu yake, na ukilegeza loki bunduki inataka kuanguka upande, kama mtu aliyesimama kwenye ngalawa isiyo na matengo. Ziko baipodi ambazo mhimili wake uko juu zaidi, karibu na mtutu. Hizo hata loki ikiwa wazi bunduki haina haraka ya kuanguka. Kwa hiyo anayesema "mimi sifungi kamwe" na anayesema "lazima ufunge" huenda wote wanasema kweli, kila mmoja kwa baipodi yake.

Wanaofunga na wasiofunga

Mwamba ngoma huvutia kwake. Nilipoanza kuuliza nilikuta kila mpiga shabaha ana dini yake katika jambo hili, na kila mmoja ana sababu.

Kundi la kwanza ni wanaofunga kabisa. Wengi wao hupiga kutoka mahali pamoja, kwenye meza au sakafu ya simiti au mkeka uliotandikwa vizuri. Katika mashindano ya F-Class, yaliyopewa herufi hiyo kwa ajili ya Mkanada George Farquharson aliyeyaanzisha, kuna daraja liitwalo F-TR ambalo watu hutumia baipodi na bunduki za .223 au .308, na uzito wa vyote pamoja na baipodi usizidi kilo 8.25. Hupiga umbali wa hadi yadi 1,000, risasi moja baada ya nyingine kwenye shabaha ile ile. Mtu wa namna hii huisawazisha bunduki mara moja, hukaza, na baada ya hapo hataki kitu chochote kisogee. Baada ya kila teke anataka bunduki irudi pale pale. Kwake loki iliyolegea ni adui. Mkono wake unapofungua chemba kuingiza risasi nyingine, bunduki isiyofungwa ingelala upande, na kila mara angeanza upya.

Kundi la pili ni wanaoiacha nusu. Hawa ni wengi katika mashindano ya kuhamahama, kama yale ya Precision Rifle Series yaliyoanza Marekani mwaka 2012. Humo mtu hupewa muda mfupi, hukimbia kutoka kizuizi kimoja hadi kingine, mara juu ya paa la mbao, mara juu ya jiwe, mara juu ya tairi. Hana nafasi ya kufungua na kufunga kila anapohama. Hukaza loki kiasi ambacho bunduki haianguki yenyewe, lakini akiisukuma kwa shavu na bega inakubali. Anatazama kipovu, anasukuma kidogo, anafyatua. Mzee mmoja niliyekutana naye kule, mwanajeshi mstaafu, aliniambia kwamba anaikaza hadi "iwe ngumu kama mlango wa jokofu": ukiuvuta unafunguka, upepo haufungui.

Kundi la tatu ni wasiotaka kulala kabisa. Baadhi ni wawindaji wa tambarare, baadhi ni watu wa meza za simiti. Hoja yao ni kwamba kila bawaba ni mahali pengine pa kulegea. Kitu kisichokuwepo hakiharibiki. Mwindaji anayetembea maili kadhaa na bunduki mgongoni hataki chuma kinachogongana kila hatua na kumshtua mnyama. Na kwa umbali wa kuwindia, kama hesabu ilivyotuonyesha, upogo mdogo hauli sentimita nyingi.

Hoja hiyo ya mwisho ni ya kweli, na ndiyo iliyomponza mdogo wangu.

Kilichomtokea mdogo wangu

Baipodi yake ilikuwa ya namna ya kwanza, yenye nati ya duara. Nilipojaribu kuigeuza pale mezani haikugeuka. Nikamuuliza. Akasema ilikuwa ikipiga kelele anapotembea, kwa hiyo aliikaza nyumbani kwa koleo. Baada ya hapo hakuigusa. Alipofika kwenye mteremko siku ile, alitaka kuilegeza, lakini ilikuwa Novemba, baridi kali, vidole vimekufa ganzi, na swala yuko mbele yake. Akaona haina haja. Akaiweka hivyo hivyo.

Kumbe alikuwa na baipodi inayolala, lakini siku ile aliitumia kama isiyolala.

Tukaenda shamba la rafiki yake, lenye ukingo mkubwa wa udongo wa kupokea risasi, pamoja na yule mzee mstaafu. Mimi sikufyatua hata moja. Nilikaa nyuma na daftari. Mdogo wangu akalala kwenye mteremko kama ule wa siku ile, loki imekazwa kwa koleo, shabaha ya karatasi yadi 100. Nikamtazama kwa ubavuni. Bunduki ilikuwa imelala upande wa kushoto kufuata ardhi, na yeye hakuipenda hivyo. Macho yake yaliona nyuzi za darubini zimekaa mshazari, na bila kujua akaanza kuizungusha bunduki kwa mkono na bega ili zisimame. Mguu mmoja wa baipodi ukainuka kutoka ardhini kidogo. Akawa anashindana na chuma. Misuli ikakaza, pumzi ikakatika, na alipofyatua, bunduki ikarukia upande ule aliokuwa akizuia.

Risasi tano zikatawanyika kwa ukubwa wa sahani. Yule mzee akatikisa kichwa tu.

Tukalegeza nati. Akaiweka miguu ikae jinsi ardhi inavyotaka, akaisimamisha bunduki wima kwa kipovu, kisha akakaza kwa vidole tu. Safari hii mwili wake ulikuwa umelegea. Risasi tano zikakusanyika kwa ukubwa wa kikombe cha kahawa. Mteremko ni ule ule, bunduki ile ile, mpigaji yule yule.

Kwa hiyo upogo una madhara mawili, na watu wengi huzungumzia moja tu. Kwa mbali, hesabu yenyewe inaipeleka risasi kando. Kwa karibu, hesabu inasamehe, lakini mwili hausamehe: mtu hupigana na bunduki iliyofungwa vibaya, na bunduki hulipiza inapopiga teke. Yule swala hakuuawa vibaya na zile sentimita 2. Kilichomjeruhi ni bega lililokuwa likisokota.

Namna ya kuisawazisha na kuifunga

Katika upimaji tuna mpango ambao mwanafunzi hufundishwa siku ya kwanza: sawazisha kwanza, funga baadaye, kisha tazama tena kipovu baada ya kufunga. Ndio huo huo unaofaa hapa.

Anza na pale baipodi inaposhikana na bunduki. Pakicheza, hakuna loki itakayosaidia, kwa kuwa utakuwa umefunga bawaba ya chini huku ya juu inayumba. Kisha panga miguu ikaribie usawa, ili bawaba isibebe kazi yote. Lala nyuma ya bunduki mahali utakapofyatulia, legeza loki, simamisha bunduki kwa kipovu, kaza. Legeza mwili, fumba macho, vuta pumzi, fumbua. Bunduki ikiwa imehama kutoka kwenye shabaha au kipovu kimekimbia, basi unailazimisha. Sogeza mwili wako, usisokote bunduki.

Usiyaamini macho peke yake. Kwenye mteremko jicho huchukua mstari wa kilima likaufanya ndio ulalo wa dunia. Ndiyo maana wengi hufunga pimamaji ndogo kwenye darubini. Lakini kipovu kinasema habari za kile kilichofungwa kwacho tu. Kama nyuzi za darubini hazijalingana nacho, utakuwa na kipovu cha katikati na bunduki ya upogo. Dawa yake ni timazi, kamba yenye uzito, itundikwe mita 30 au 50 mbele siku isiyo na upepo. Linganisha uzi wa wima wa darubini na kamba, na hapo ndipo ufunge pimamaji ikiwa kipovu kiko kati. Fundi wa kujenga anayesoma haya anajua hasa ninachosema.

Ni ipi basi ya kununua

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Hata hivyo, mkulima wa mawe na mkulima wa tope hawatumii jembe moja. Anayepiga mbali kutoka mahali pamoja atafute loki inayobana kabisa na kubaki hapo. Anayehamahama atafute msuguano anaoweza kuupima kwa kidole. Mwindaji, ambaye hajui kesho atalala kwenye ardhi gani, namwambia jambo moja: ijaribu loki yako ukiwa umevaa glavu, au mikono ikiwa na jasho, au gizani. Kama huwezi kuifungua na kuifunga bila kuinua kichwa kutoka kwenye darubini, ihesabu kwamba huna loki.

Huku kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na silaha ya mtu binafsi inasimamiwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Siandiki ili mtu akatafute bunduki. Lakini ndugu zetu wametawanyika duniani, wengine wanaishi mahali ambapo kitoweo cha msimu hutoka msituni, na makosa aliyoyafanya mdogo wangu yanaweza kufanywa na mwingine. Na anayetumia stendi ya kamera arusini, au darubini ya kutazamia mwezi, ana bawaba ile ile na loki ile ile mkononi mwake.

Mdogo wangu aliitupa ile koleo kwenye sanduku la gari, akanunua wenzo mdogo, na ile kelele ya kutembea akaimaliza kwa kukunja kipande cha kitambaa kati ya miguu. Novemba ile, mimi nikiwa nimesharudi nyumbani, alinipigia simu alfajiri kwa saa zetu. Alikuwa bado msituni. Alisema aliiona ardhi imeinama, akalegeza, akasimamisha, akakaza, akataja jina la Mola wake. Mnyama alianguka pale pale aliposimama.

"Sikuhitaji kumfuata, kaka," akasema.